Usukani Kulia, Gari Baadaye

Mwenye Land Rover ya mwaka 1974 haendeshi gari, anapeleka maombi. Unakata usukani kulia, ombi linapita ofisi moja hadi nyingine, na likipitishwa kote, magurudumu yanageuka. Ombi langu mimi lilichelewa kwenye kona ya mteremko wa Lushoto kuja Mombo, shemeji yangu akiwa kiti cha pembeni na magunia mawili ya viazi nyuma. Shemeji ni mtu wa swala tano. Siku ile aliongeza ya sita. Tulipofika nyumbani Korogwe alishuka, akafunga mlango taratibu, akasema kwa adabu zote: "Shemeji, safari ijayo mimi nitakuja na basi. Viazi vije na wewe."

Basi nikaamua kubadilisha vyuma vya mbele mwenyewe, chini ya mwembe wangu. Kama nawe una gari la zamani na ukaidi wa kutosha, fuata mwongozo huu. Mimi niliufuata kwa kuanzia mwisho, ndiyo maana naujua vizuri.

Hatua ya kwanza ni kukana, na usiiruke, maana mafundi wote wakubwa wameanzia hapo. Sema usukani "unacheza kidogo tu". Sema "haya magari ndivyo yalivyo". Laumu barabara, laumu upepo, laumu tairi. Ukiweza, fanya alaimenti mara mbili kwa gharama kubwa huku vyuma vikiwa vimelegea, ili gari litoke limenyooka na kupinda tena kabla hujalipa kahawa. Hatua hii huchukua miaka miwili hadi minane. Mimi nilitumia mitano.

Ukishachoka kukana, lala chini ya gari uone ombi lako linapita wapi. Kwenye Land Rover za Series, zikiwemo Series III zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, usukani unaingia kwenye steringi boksi. Boksi linasukuma rodi moja inayokwenda mbele hadi kwenye mtungi wa chuma uliozamishwa ndani ya mhimili wa mbele wa chasisi, karibu na rejeta. Mtungi huo ni rilei. Rilei nayo inasukuma rodi ya pili hadi kwenye gurudumu, na rodi ya tatu inaliambia gurudumu la upande wa pili kwamba mwenzake amegeuka. Rodi tatu, kila moja ina tairodi endi mbili, yaani kiungo kimoja kila ncha: jumla sita. Kila ofisi inakula kidogo. Ukiiuliza mojawapo, itakuambia milimita moja si kitu. Zijumlishe zote, ongeza ya boksi na ya rilei, utajua kwa nini kona inakufikia kabla hujaifikia.

Sasa mtafute mkosaji. Mwite kijana wa nyumbani akae kwenye kiti, auchezeshe usukani kushoto na kulia polepole, nawe uko chini umeshika kila kiungo kwa kiganja. Kilicholegea kitakugonga mkononi kabla jicho halijakiona. Usimruhusu kijana kuwasha injini "ili aone vizuri". Kisha inua gurudumu kwa jeki, lishike saa tatu na saa tisa, utikise. Halafu saa sita na saa kumi na mbili. Usihangaike kuuliza kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu; hapa, kwa mara ya kwanza katika historia, hata ukichanganya, mikono inaangukia palepale. Likicheza kwa ubavu, shuku tairodi endi. Likicheza juu na chini, shuku beringi za gurudumu au kingipini, na hiyo ni kesi nyingine na mwembe mwingine.

Nikisema jeki, namaanisha jeki na stendi mbili, na mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jeki peke yake haishiki gari, inaliazima tu. Na hapa sifanyi mzaha: hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu moja kwa moja, inashika shafti inayopeleka nguvu nyuma. Maana yake ni kwamba siku utakapoinua gurudumu moja la nyuma, difu itaruhusu gari litembee na hendibreki ikiwa juu. Kwa hiyo weka mawe. Sisi Waafrika Mashariki tunajua kuweka mawe. Tunachosahau ni kuyaondoa barabarani.

Dukani utaulizwa: "Unataka orijino, orijino kabisa, au ya kawaida?" Zote tatu hutoka kwenye kasha moja. Wewe bonyeza mpira wa kifuniko kwa vidole. Ukiwa mgumu kama ganda la dafu, utapasuka, vumbi litaingia na grisi itatoka, na mwakani utakuwa chini ya gari tena. Kisha hesabu: unataka sita, tatu za uzi wa kulia na tatu za uzi wa kushoto, kwa sababu kila rodi ina upande mmoja wa uzi wa kawaida na mwingine wa uzi wa kinyume. Mimi niliuziwa sita za kulia. Muuzaji aliniangalia kwa huruma, akanishauri nizungushe kwa nguvu.

Huo uzi wa kinyume ndio uliokula Jumamosi yangu. Nilikaza paipu ya maji kwenye spana, nikaning'inia, nikaita jirani, naye akaning'inia. Tulikuwa tumemwaga mafuta ya taa, dizeli na maneno mengine yasiyouzwa kwenye makopo. Baada ya nusu saa binti yangu wa darasa la tano, aliyekuwa ametumwa kuleta chai, akainama akatazama, akauliza: "Baba, mbona inazidi kuingia?" Chai ilinywewa kimya kimya.

Kabla ya kufungua chochote, pima urefu wa kila rodi kutoka katikati ya kiungo kimoja hadi katikati ya kingine, uandike. Usiandike kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Utakapokuwa unazungusha endi ya zamani kuitoa, hesabu mizunguko, na mpya iingie kwa hesabu hiyohiyo. Mtu akikusalimia katikati ya kuhesabu, usiitikie. Utaomba radhi msibani.

Kutoa kiungo kwenye mkono wake ndiko kunakotenganisha fundi na mwenye nyundo. Shina la tairodi endi limechongwa kama koni na kukandamizwa kwenye tundu lenye umbo hilohilo, na baada ya miaka hamsini ya vumbi la Handeni vitu hivi viwili vimeoana. Mwenye nyundo hupiga ncha ya shina kutoka chini mpaka uzi unachanua kama ua, kisha hawezi tena kutoa nati wala kuirudisha. Fundi huitoa kotapini, hulegeza nati lakini haiondoi, akaiacha imeshika uzi kidogo ili rodi isimwangukie usoni. Halafu huchukua nyundo mbili. Moja nzito anaiegemeza upande mmoja wa jicho la mkono, kama ukuta. Ya pili anapigia upande wa pili. Hapigi shina, anapiga jicho lililolishika. Chuma cha jicho hubonyea kufumba na kufumbua, koni inakosa pa kushika, na unasikia mlio mmoja mkavu: tak! Rodi inashuka. Mlio huo ni mtamu kuliko wa mshahara kuingia kwenye simu.

Niliusikia mara tano. Kiungo cha sita kilikataa mpaka Jumapili baada ya chakula cha mchana, kikatoka chenyewe nilipokigusa ili nimwonyeshe mke wangu kwamba hakitoki.

Rilei je? Ushauri wangu ni mmoja: iache. Ifungulie ile plagi ndogo ya juu, ambayo yangu haikuwa imeguswa tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ivunjike 1977, uijaze mafuta, uifunge, uondoke kama mtu aliyepita karibu na chatu aliyelala. Ndani yake kuna springi nene iliyobanwa kati ya bushi zilizopasuliwa nusu kwa nusu, na inangoja mtu mwenye udadisi. Anayelazimika kuifungua huifunika kwa gunia, huifunga kamba, na huweka uso wake mbali. Mimi nilitumia fulana. Springi iliondoka na fulana, ikatoboa bati la banda la kuku, na jogoo hakuwika kwa siku mbili. Kuirudisha kulihitaji watu watatu, klempu za mabomba ya maji, na fundi mzee wa mtaani aliyekuja "kusalimia tu" akaondoka na elfu arobaini.

Tena, mtungi wenyewe huwa umeota kutu ndani ya chasisi kiasi kwamba ukiweka jeki chini yake kuusukuma utoke, gari zima linapanda na rilei haisogei. Watoto wa mtaa walipenda sana sehemu hiyo.

Kurudishia ni kinyume cha kutoa, husema vitabu vya ufundi, kwa sababu waandishi wake hawakuwa na kuku. Kaza nati, weka kotapini mpya. Usiweke msumari, usiweke waya wa uzio, usiweke ile ya zamani iliyonyooshwa kwa meno. Kisha kaza klempu za kila rodi, maana hizo husahaulika, na rodi isiyobanwa itajizungusha yenyewe barabarani.

Mwisho ni kupima. Magurudumu ya mbele yanatakiwa yaelekeane kidogo kwa mbele: tofauti ya milimita 1.2 hadi 2.4 tu kati ya umbali wa mbele na wa nyuma ya tairi. Nilitumia futikamba ya fundi cherehani wa jirani, iliyovutika kwa miaka ya kupima viuno. Kwa mujibu wake gari langu lilikuwa limenyooka na lilihitaji kupunguzwa kidogo kwenye mabega. Tumia kamba isiyovutika na misumari miwili kwenye ubao, halafu nenda kwa mwenye mashine akuhakikishie.

Jumatatu alfajiri nililitoa barabara ya Handeni, nimejiandaa. Nikakata usukani kushoto kama kawaida yangu, robo mzunguko, ili ombi liwahi kufika. Gari likaenda kushoto papo hapo. Nikashtuka, nikarudisha kulia kwa robo nyingine. Likatii tena, likaelekea nyasi za upande wa pili. Kilomita nzima tukaenda hivyo, gari limenyooka na dereva anayumba, mpaka askari wa barabarani akanyoosha mkono, akaja dirishani, akanusa hewa.

"Mzee," akauliza, "umelala wapi?"

"Chini ya gari," nikamwambia.