Rula ya Darasa la Tano

Jumatatu
Gia boksi ya Mark II yangu, GX100 ya otomatiki, imelala chini ya mwembe juu ya gunia la pumba za mpunga. Fundi anasema pumba ni laini kuliko gogo. Kuku wa jirani nao wanaona hivyo. Dogo wa gereji ameziba matundu ya oili kwa vipande vya mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2019 na ambayo kila nyumba bado ina mmoja wa akiba.

Jumanne
Konveta ya gia boksi hiyo imetumwa kwa basi kutoka Ifakara. Asubuhi kondakta alipiga simu kwamba wamevuka daraja. Baada ya Lupiro, kimya. Enzi za pantoni tungesingizia mto. Tangu daraja lile la mita 384 lifunguliwe mwaka 2018, mto hauna kesi tena. Kesi ni ya tope. Basi limeingia Malinyi usiku. Konveta ilisafiri imekaa kwenye siti, kwa hiyo nimelipia nauli ya mtu mzima.

Jumatano
Fundi amemimina oili nyekundu ndani ya konveta, akaivisha kwenye shafti, akawa anaizungusha huku akiisukuma. Ikagonga, ikazama kidogo. Ikagonga tena. Dogo akasema tayari, tufunge.

Fundi akaomba rula. Iliyopatikana ni ya mwanangu wa darasa la tano, yenye nembo ya Yanga. Akalaza spana ndefu juu ya mdomo wa gia boksi, akapima kina hadi kwenye konveta, akatikisa kichwa. Konveta inatakiwa iingiliane na vitu vitatu: meno ya shafti ya ndani, meno ya shafti ya nje, na mwisho kabisa pampu ya oili. Viwili vilikuwa vimekubali. Ukifunga hivyo hivyo, boliti zitaivuta gia boksi hadi ibanane na injini, kila mtu atafurahi, na pampu itakuwa imepasuka.

Mzee mmoja aliyejikinga mvua pale kwetu akashauri nyundo. Fundi akaendelea kuzungusha. Mlio wa tatu ulisikika akiwa anaongea na mkewe kwenye simu kuhusu bei ya mchele, hakukatisha maongezi. Rula imerudi shuleni na oili kuanzia sentimita 7 hadi 12. Mwalimu wa hisabati ametuma salamu.

Alhamisi
Fundi kaenda kupalilia shamba lake. Jirani ameshauri gari lisukumwe, litawaka. Nimemweleza: pampu ya gia boksi huzungushwa na injini, injini ikizima hakuna presha ya oili, na bila presha matairi hayawezi kuigeuza injini. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza anitafutie vijana wangapi.

Ijumaa
Jeki imepanda, ardhi imeshuka, gia boksi imebaki palepale. Tumeazima mlango wa banda la kuku tukauweka chini ya jeki. Safari hii gia boksi imekutana na injini kwa kusukumwa na mikono tu, na konveta bado ilikuwa inazunguka huru. Fundi akatabasamu, jambo ambalo halimo kwenye bei tuliyopatana. Boliti za konveta ni sita na zinafungwa moja moja kupitia kitundu cha chini. Ya tano imedondokea kwenye pumba. Tumechekecha.

Jumamosi
Gari limewaka likiwa kwenye P. Fundi amekanyaga breki, akapitisha gia zote, akasubiri oili ipate moto, akachomoa kijiti cha kupimia injini ikiunguruma. Imepungua, tumeongeza. R, limerudi nyuma. D, limekwenda mbele hadi kwa muuza chipsi na kurudi.

Honi haifanyi kazi. Jumatatu ilikuwa inafanya. Fundi anasema hiyo ni kazi ya fundi umeme, naye yuko Mtimbira kwenye harusi.