Kompyuta Ikiganda, Shusha Mkono

Kofi la kwanza hupigwa ubavuni. La pili hupigwa juu, kwa kiganja kilichokunjuliwa, kama babu alivyoipiga redio yake ya mbao ili taarifa ya habari irudi. Redio ilikuwa inasikia, maana waya uliolegea uligusana tena. Kompyuta ya mezani haisikii. Kama bado inatumia diski ya kuzunguka, ndani yake zimo sahani zinazokwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kuzisoma kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kofi likifika hapo, kichwa kinakwangua sahani, na kinachokwanguliwa ni harusi ya dada yako. Basi hatua ya kwanza ni kushusha mkono. Ya pili ni kuvuta stuli, kukaa, na kuitazama inavyokata roho.

Itazame kwa makini, kwa sababu wakati inapoganda ndio ushahidi wako mkubwa. Ikizimika kabla nembo ya mtengenezaji haijatokea, anza na vyuma: umeme, RAM, mazabodi. Ikifika kwenye vile vidoti vinavyozunguka ikabaki hapo kama mgeni aliyesahau alichofuata, shuku diski au Windows yenyewe. Ikifunguka mpaka ukaiona picha ya mtoto kwenye kioo, ndipo ikaganda, huenda ipo programu inayojiwasha pamoja nayo. Ikifanya kazi dakika kumi kisha ikajizima bila kuaga, joto ndilo la kuangaliwa mapema. Na ikilia bipu, zihesabu, uandike zipi ndefu na zipi fupi. Misimbo hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, ila fundi anayeijua atafurahi kuletewa hesabu badala ya “inalialia tu”.

Umeme usikupotezee siku nzima. Toa plagi kwenye ekstensheni inayobeba friji, pasi na chaja sita, uichomeke ukutani peke yake. Kama huganda jioni tu, saa ambazo taa za mtaa mzima hufifia, huna haja ya kuitukana Windows, unahitaji stabilaiza au UPS.

Vumbi nalo nitalizungumza kirefu, kwa sababu naliona karibu kila nyumba na karibu kila nyumba hulikana. “Tunaifuta kila Jumamosi!” Mnafuta nje. Nyingi za kompyuta hizi ni mtumba: zilikaa miaka kwenye ofisi ya Ulaya, zikavuka bahari, zikaja kuwekwa sakafuni karibu na mlango, feni zikivuta vumbi la barabara mchana kutwa. Zima, chomoa waya, fungua kava la ubavu. Utakuta feni ya prosesa imevaa blanketi. Wakati mwingine utakuta na mjusi, amekauka, akiwa amefuata joto la usiku. Mtoe kwa heshima. Chukua brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu, uzuie feni kwa kidole isizunguke, kisha pangusa taratibu ukielekeza vumbi nje. Ile gundi ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo chake hukauka ikawa chaki baada ya miaka mingi, kwa hiyo kama joto halipungui baada ya usafi, mwombe fundi aibadilishe.

Boksi la pawa saplai usilifungue. Hata likichomolewa, ndani hubaki chaji inayoweza kuzidi volti 300, na hapo hakuna la kujaribu.

Ukiwa bado umefungua kava, gusa chuma kitupu cha boksi ili kutoa umeme tuli mkononi, kisha chomoa RAM. Ina meno ya rangi ya dhahabu. Yafute kwa raba safi ya penseli, ile ya mwanafunzi wa darasa la 3, polepole, upangushe makombo, uirudishe mpaka isikike “ka!”. Kwetu pwani hewa ya chumvi na unyevu huyafanya meno hayo yashike ukungu, na mashine nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa zimefufuliwa na raba hiyo. Zikiwa RAM mbili, jaribu moja moja. Betri bapa kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, ibadilishe kama saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila unapowasha.

Vyuma vikiwa salama, geukia Windows. Kwenye toleo la 10 na la 11, ikianza kupakia uizime kwa kushikilia kitufe, urudie hivyo mara mbili tatu mfululizo, nayo yenyewe italeta ukurasa wa matengenezo. Tumia mbinu hiyo pale tu inapokataa kabisa kufunguka. Humo chagua hali salama. Ikitulia humo, shuku programu zinazojiwasha au draiva iliyoingia karibuni.

Sasa nifike kwenye neno linaloniuma: “Tupige windo.” Shangazi yangu aliambiwa hivyo. Kompyuta yake ilikuwa inaganda kila asubuhi, na ndani yake alikuwa amehifadhi sauti ya marehemu mume wake akisoma kaswida, iliyorekodiwa sebuleni huku vikombe vikigongana. Fundi hakuuliza. Alichomeka flashi, akafuta diski yote, akapiga windo mpya, akalipwa. Kesho yake asubuhi mashine iliganda tena palepale, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye meno ya RAM. Raba iliuponya kwa dakika tano. Ile sauti haikurudi.

Kwa hiyo kabla mtu hajagusa diski, toa vilivyomo. Tafuta flashi ya GB 8, umwombe kijana mwenye kompyuta nzima aiwekee mfumo wa Linux Mint, kisha uwashe mashine yako kupitia flashi hiyo bila kuusakinisha. Mara nyingi mafaili yataonekana, nawe utayanakili kwenye diski ya nje. Ikishindikana, diski ichomolewe iwekwe kwenye kasha la USB, isomwe kwa kompyuta nyingine. Lakini ukiisikia inagonga “tak, tak, tak”, izime papo hapo, usiiwashe tena kwa kuonja, uipeleke kwa mtu anayeokoa data.

Na unapompa fundi mashine, mwambie: “Fundi, nakala kwanza.” Akijibu kwamba hakuna haja, mshukuru, rudisha kava, beba kompyuta yako urudi nayo nyumbani.