Zulia Si Matandazo: Barua kwa Baba Mkubwa, Puma

Baba Mkubwa,

Natumaini hapo Puma wote ni wazima na alizeti imeshika. Mimi sijambo ukiondoa mgongo, na huo mgongo ndio habari yenyewe. Ningejibu kwenye kundi la ukoo, lakini kule kila nikianza kueleza jambo, mjomba wa Kiomboi anatupia sauti ya dakika nne kuhusu ada za shule na mazungumzo yanakufia hapo.

Picha niliyotuma imezua maneno mengi. Ndiyo, yule ni mimi. Ndiyo, pale ni shambani. Na kile ninachokivuta kutoka ardhini, ambacho Shangazi alisema ni ngozi ya ng'ombe na binamu wa Manyoni akasema niite polisi kabla sijagusa, ni zulia. Zulia la sebuleni, la maua ya kahawia na machungwa, limelala chini ya udongo. Chini yake nimekuta jingine, la bluu. Chini ya hilo la bluu bado sijafika.

Nikueleze shamba lenyewe, maana nilipoandika "nimepata shamba Uingereza" mlichinja kuku. Watu wengi wa mjini huku hawana uwanja wa maana nyuma ya nyumba. Halmashauri zina maeneo yaliyokatwa vipande, unakodi kimoja kwa mwaka na kulima mboga za familia yako. Mambo haya yanatokana na sheria ya mwaka 1908, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ploti za namna hii zilifika kama milioni 1.4 kwa sababu chakula cha meli kilikuwa hakifiki. Ploti kamili wanaipima kwa fito, kipimo cha mababu zao: fito 10, yaani karibu mita za mraba 250. Eka moja inatoa ploti 16. Ile kona unayowaachia mbuzi, Baba Mkubwa, ingetosha wakulima wa mtaa mzima pamoja na kamati yao.

Kwa maana kamati ipo. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mkaguzi, na mkaguzi ana ubao wa kuandikia ulioning'inizwa kalamu kwa uzi. Nilingoja kwenye orodha kwa miaka, na siku zamu yangu ilipofika nilikabidhiwa ufunguo mmoja wa geti na kurasa za masharti zisizopungua mkataba wa kununua nyumba. Upana wa njia kati ya ploti na ploti umeandikwa. Urefu wa banda la zana umeandikwa. Kuku nao wamo, na hapo niliweka karatasi chini nikawafikiria watu wa Singida. Sheria ya mwaka 1950 inakuruhusu kufuga sungura na kuku kwenye ploti, lakini kuku ni majike tu. Jogoo hapana. Sisi ambao matenga yetu ya kuku yanalisha Dar es Salaam, tungeanza vipi kueleza kwa jogoo wa Puma kwamba yeye peke yake ndiye hatakiwi?

Sharti la zulia liko katikati, kati ya moto na mabomba ya maji: mpangaji haruhusiwi kutumia zulia, la aina yoyote, kuzuia magugu.

Najua unavyocheka. Na mimi kilichonishangaza si ukali wa sharti, ni imani yao kwamba kuna mtu ana zulia la ziada. Kwetu zulia halistaafu. Likichoka sebuleni linahamia chumbani, likitoka chumbani linakuwa godoro la wageni wa msiba, kisha linafunika magunia kwenye tela la ng'ombe, kisha linakuwa mlango wa banda la kuku, na kipande kinachosalia kinawekwa mlangoni tufutie matope. Huku mtu anabadilisha rangi ya ukuta, na zulia lililofunika nyumba ukuta hadi ukuta linang'olewa siku hiyohiyo likiwa bado zima. Kulitupa ni usumbufu. Basi kwa miaka mingi wenye ploti walikuwa wakishauriana: usilitupe, lilaze juu ya magugu. Gugu likikosa mwanga linakufa, nawe umeokoa nauli ya kwenda jaani. Akili hiyo si mbaya, na asili ya sharti zima ni kwamba ilikuwa akili nzuri mno ikafuatwa na kila mtu.

Shida ni kwamba zulia la siku hizi si pamba wala katani. Ni nailoni na polipropilini, limebandikwa mgongo wa mpira kwa gundi, limetiwa rangi, limetiwa dawa ya kuzuia madoa na nyingine ya kupunguza moto. Likilala kwenye mvua ya huku, inayonyesha kama vile kuna anayeilipia, mgongo unameguka na nyuzi zinaachana na kuingia kwenye udongo zikiwa vipande vidogo visivyooza. Dawa nazo zinafuata maji. Hata la sufu tupu haliaminiwi sana, ingawa zipo sehemu wanaliruhusu likiwa na mgongo wa gunia, maana sufu nayo mara nyingi imewekwa dawa ya kuua nondo. Sasa wewe unalima karoti ule, na karoti inalala kitanda kimoja na sebule ya mtu.

Halafu halizuii magugu. Hilo ndilo linaniuma. Zulia linawapa kivuli na unyevu konokono wasio na gamba, ambao usiku wanatoka kwa maandamano kwenda kula kabichi, alfajiri wanarudi kulala chini ya nailoni. Magugu yenyewe yanangoja. Zipo nyasi zenye mizizi myeupe inayotambaa chini kwa chini hadi ikute ukingo. Lipo gugu la kujizungusha lenye ua jeupe, ambalo ukiacha kipande cha mzizi ardhini linaanza maisha upya. Na lipo wanaloliita mkia wa farasi: ukoo wake ulikuwepo duniani kabla ya madinosari, mizizi inashuka hata mita mbili, na zulia linaliona kama shuka. Watu wa ndago (lile gugu, sisemi Ndago ya Iramba, wasije wakwe wakakasirika) wataelewa. Na kiduha cha mtama hata usingekitandikia zulia, maana hicho kinaanza kunyonya mizizi ya mtama chini kabla hakijachomoza.

Mwaka mmoja au miwili ikipita, majani yanaota juu ya zulia na kupenyeza mizizi ndani yake hadi chini. Hapo tena si zulia, ni ardhi yenye bitana. Aliyelitandika anazeeka, anahama, au anachoka. Ploti inapewa mwingine. Huyo mwingine anashusha jembe siku ya kwanza na jembe linarudi juu likidunda.

Huyo mwingine, Baba Mkubwa, ndiye uliyemwona kwenye picha.

Nilikwenda kwa katibu. Akanisikiliza kwa upole wote wa Kiingereza, akafungua masharti, akanionyesha kwamba mpangaji wa sasa ndiye anayehusika na usafi wa ploti yake. Nikamwambia zulia hili ni la zamani kuliko mimi katika nchi hii. Akasema ndiyo, na akaandika. Nadhani alichoandika ni kwamba ploti yangu ina zulia.

Kazi ya kulitoa imenipatia jirani. Ploti ya kushoto ni ya mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mzaliwa wa Jinja. Alikuwa msichana Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na familia yake ikafikia Leicester, mji ambao halmashauri yake ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi watu wa Uganda wasije. Yeye anasema nyumbani kwao hakuna aliyekuwa amesikia Leicester hadi walipolisoma tangazo lile. Ana uwatu, ana giligilani, ana mchicha unaofika kifuani, na ana Kiswahili cha dukani ambacho hakijaguswa na sarufi tangu baba yake afunge duka. Alisimama akanitazama ninavyovuta na kisu mkononi.

"Wewe kijana! Hapana kata. Hii kitu ukikata iko zaa nyuzi, kesho nyuzi iko kwa mchicha yangu. Kunja! Kunja kama mkeka!"

Nimekunja kama mkeka. Zulia lililolowa, lenye udongo na mizizi ya miaka, halibebeki na mtu mmoja, wala wawili wasiopatana. Tulilipasua kwa kufuata mistari ya maua, yeye akitoa maagizo na mimi nikitoa jasho, huku akinisimulia bei ya sukari Jinja mwaka 1969.

Ukishalitoa, pa kulipeleka ni jaa la manispaa, na jaa la manispaa linaingiwa kwa miadi. Narudia: miadi. Kwetu miadi ni ya daktari bingwa. Huku unaingia kwenye tovuti, unachagua siku na saa, unaandika namba ya gari, unapata ujumbe wa kukushukuru kwa kuchagua kutupa taka. Nilifika na gari la kuazima. Kijana wa getini, mwenye koti la kung'aa, akauliza taka ni ya nyumbani?

"Ni zulia la sebuleni."

"Sebuleni kwako?"

"Hapana. Limetoka ardhini."

Akafikiri. "Ardhini kwa nani?"

Swali hilo, Baba Mkubwa, hata baraza la ardhi la kata lingelilaza.

Nisiwaseme sana. Hawa ndio ambao babu zao walikuja kwa jirani zetu Kongwa mwaka 1947 kulima karanga kwa mkupuo, wakaleta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na mwaka 1951 wakanyanyua mikono wakiwa wameteketeza mamilioni ya pauni kwenye vichaka vya Wagogo. Leo wajukuu wao hawaruhusu mtu atandike hata kipande cha zulia bila kikao. Hayo mimi nayaita maendeleo. Na kusema kweli niko upande wa kamati. Ploti ni ya kukodi, nitaiacha, na anayekuja hajui hata jina langu. Nilichochimba mimi kilitosha kunionyesha alichokuwa akifikiri aliyenitangulia kuhusu mimi: hakuwa akinifikiria kabisa.

Ila na sisi tuna letu la kuwaonyesha. Nilimwambia katibu kwamba Tanzania mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Hakuamini, akatafuta kwenye simu, akasoma hadi mwisho. Kisha akauhamisha polepole mfuko wake wa vitunguu kutoka mezani kwenda nyuma ya kiti.

Mtauliza, kama si zulia, ni nini? Wapo wanaonunua karatasi nyeusi ya plastiki, ambayo kamati inaivumilia kwa msimu ikiwa utaiondoa. Lakini fasheni sasa ni maboksi. Kuna mzee mmoja mashuhuri huko Somerset, Charles Dowding, amewafundisha watu kulima bila kutifua: tandaza maboksi juu ya majani, mwaga mboji juu ya maboksi, panda. Boksi linanyima gugu mwanga, minyoo inalila, na likioza halimwachii mtu urithi. Sharti ni kubandua utepe wa plastiki na kung'oa pini zote.

Kwa hiyo kila Jumamosi jioni napita nyuma ya maduka, naomba maboksi, nayabeba kichwani hadi kwenye ploti. Najua mnavyotuita sisi wa ughaibuni huko nyumbani, kwamba tumekuja kubeba maboksi. Zamani nilikuwa nakasirika, nawaeleza kwamba nina kazi ya ofisini. Sasa nimepungukiwa utetezi. Na tafadhali picha hiyo msiiombe.

Msiulize pia kwa nini ninyi msitandaze. Bwana shamba akija Puma kuhubiri matandazo ya mabua ya mtama, hajafika barabarani na ng'ombe wa jirani wameshaingia kuyala mahubiri. Hapa hakuna ng'ombe. Kuna mbwa, nao wana sharti lao, ukurasa wa sita.

Mkaguzi alipita juzi. Alikanyaga, akabonyeza kwa kisigino, akachungulia pembeni. Ameniandikia barua kwamba ploti inaendelea vizuri, isipokuwa lile zulia la bluu, ambalo nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Mama wa Jinja amesoma barua hiyo akasema huyu mtu ya ubao hana kazi, kisha akaenda kuleta glovu zake.

La mwisho, na hili limhusu Mama Mkubwa moja kwa moja. Nasikia kuna mgeni anakuja huku na kwamba kuna mpango wa kunifichia mbegu za mlenda ndani ya unga wa mtama. Naomba usifanyike. Mbegu haziingii nchi hii bila cheti cha afya ya mimea, na kwetu cheti hicho kinatolewa na mamlaka inayoitwa TPHPA, baada ya ukaguzi. Ndiyo, mlenda. Huo huo unaojiotea nyuma ya choo bila kuombwa. Akitaka kuukatia cheti mimi nitalipa gharama, lakini mgeni asikamatwe uwanja wa ndege kwa sababu ya mboga.

Wasalimie wote. Mjomba wa Kiomboi mwambie ada nimeituma.

Ni mimi mwanao,
Ughaibuni