Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Wahitimu wa Useremala

Mabibi na mabwana, kaeni. Nimeombwa nizungumze dakika 10 juu ya plaiwudi yenye vinia ya mbao ngumu, sura yake na matumizi yake. Mada ni ndogo kwa mtu wa kimo changu, ila sikutaka kuwavunja moyo.

Kwanza mnijue. Nimehudhuria semina ya mbao kule Mafinga, siku 2 nzima. Siku ya pili nilibaki hotelini, maana mkufunzi alishaanza kueleza mambo ninayoyajua. Cheti kipo sebuleni.

Haya, vinia. Ni ngozi ya mbao, unene wake nusu milimita hivi, hubandikwa juu ya ubao duni ili kabati lionekane urithi wa babu. Hata masanduku ya Tutankhamun yalibandikwa hivyo. Farao alikubali, mimi, thubutu! Meza yangu ni mvule mtupu. Bei yake muuzaji aliona haya kuitamka, akaiandika.

Mbao ngumu huitwa ngumu kwa kuwa ni ngumu. Naam, binti? Balsa? Eti nayo imo, kwa sababu kinachotazamwa ni jamii ya miti ya majani mapana, japo yenyewe inabonyea kwa ukucha? Balsa ni mti wa watu wengine. Tuendelee.

Mbao halisi huijua kwa maua yake. Mezani kwangu kushoto pana ua, kulia pana ua lile lile limegeuzwa kama kwenye kioo, na jicho moja la tawi limejirudia mara 4. Mti wenye nidhamu! Mzee pale nyuma anasema vinia zilizokatwa zikifuatana kwenye gogo hufunuliwa kama kurasa za kitabu, ndiyo maana zinafanana. Na gogo likizungushwa kwenye kisu kama penseli kwenye kichongeo, hutoka shuka pana la mawimbi. Ahsante, mzee wangu. Ila sisi tunazungumzia meza yangu.

Umri wake nao ninao. Ukingoni nimehesabu mistari 13, mweusi kwa mweupe, pete za mti zile. Kijana, umecheka nini? Kwamba tabaka za plaiwudi hupangwa kwa witiri, nyuzi za moja zikikatiza za mwenzake, ubao usije ukajikunja? Hongera kwa kukariri. Mvule wangu ulikatwa ukiwa na miaka 13, ulikomaa mapema. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Darasa la tatu nilikuwa namsahihisha mwalimu.

Mwaka jana niliona doa. Mafundi siwaamini, nikachukua mashine ya msasa mwenyewe, nikasugua dakika 2 tu. Pakatokea weupe, na nyuzi zimelala upande mwingine kabisa. Huo ndio moyo wa mvule. Ni wachache waliojaliwa kuuona. Mke wangu ameufunika kwa kitambaa, kwa heshima.

Matumizi? Makabati, milango, kuta za ofisi, mimbari hii ninayoiegemea. Naona muda umetutupa mkono.

Mpiga picha, njoo. Simama mbele. Nimesema mbele, bwana! Ubavuni usisogee, mimbari yenu haijapigwa ejingi.