Pipa la Njano

Mfuko wangu wa taka umerudi. Umeletwa na bibi wa ghorofa ya pili, kaushika kwa vidole viwili, kagonga mlango saa moja asubuhi mimi nikiwa na kikoi tu kiunoni. Nikamwamkia, hakuitikia. Akatumbukiza mkono mfukoni, akatoa kopo la mtindi, akalinyanyua hadi usawa wa macho yangu, kisha kwa ukucha akakidonoadonoa kifuniko cha alumini kilichokuwa bado kimeng'ang'ania ukingoni. "Hii haifai," akasema. Kajuaje kuwa kopo ni langu? Chini yake palikuwa na bahasha yenye jina langu. Yaani mama wa watu aliinama kwenye pipa la taka alfajiri, akapekua, akasoma. Bahasha nayo, akaniarifu, kwao ni pipa la bluu.

Hapa Leipzig taka zina makabila. Vifungashio vya plastiki na bati ni pipa la njano, karatasi la bluu, maganda na makombo la kahawia, na kilichokosa ukoo huzikwa kwenye pipa jeusi. Karatasi ya kuokea ni karatasi kwa jina tu, hiyo ni pipa jeusi. Risiti ya dukani vilevile, kwa sababu ya kemikali zilizopakwa juu yake. Chupa za glasi unazipeleka barabarani kwenye makontena ya rangi tatu: nyeupe, kahawia na kijani. Chupa ya bluu? Kijani. Bilauri iliyovunjika haingii lolote kati ya hayo, kwani glasi yake huyeyuka kwa joto tofauti na la chupa.

Bibi alipoondoka nikataka kujua kifuniko kimemkosea nani, na utafiti huo umenila usiku mzima. Kiwandani taka hupitishwa juu ya mkanda. Sumaku inanyakua bati. Alumini haishikwi na sumaku, basi wameitegea sumaku nyingine inayozunguka kwa kasi mwishoni mwa mkanda. Mzunguko ule huamsha umeme ndani ya alumini yenyewe, nayo inaruka hewani na kuangukia upande wake. Nilitamani kwenda kushuhudia. Plastiki humulikwa kwa mwanga wa infraredi, kila aina huurudisha kwa namna yake, na kompyuta ikishaitambua, hewa inapulizwa na kukirusha kipande kwenye fungu lake. Kopo lililogandana na kifuniko chake linaichanganya mitambo: ni alumini au ni plastiki? Ila inayoishinda kabisa ni plastiki nyeusi. Rangi yake ya masizi humeza mwanga wote, hakirudi kitu, na mashine haijui kama pale pana kitu.

Majirani zangu hawana shida hiyo. Jengo zima lina wapangaji wa kila namna, lakini kikipotea njia kitu chochote kwenye mapipa, mlango unaogongwa ni wangu. Wiki ile lilipokutwa boksi la pizza limelowa mafuta ndani ya pipa la bluu, nililetewa mimi. Ndani yake kulikuwa na vipande vya soseji ya nguruwe. Mimi, ambaye nguruwe hata kumtaja natema mate! Nikaeleza, nikaapa, nikaonyesha friji. Bibi akanisikiliza kwa upole, kisha akanifundisha upya, taratibu, rangi za mapipa.

Mengine si ya kusimulia. Chupa za amana nilizielewa papo hapo: Mangi mwenye duka kule Temeke hakuachii utoke na chupa ya soda bila kuweka hela, na senti 25 za kopo la hapa ni mambo yaleyale, ila Mangi kageuzwa mashine. Jumapili moja nilitoboa ukuta nitundike saa, kumbe kelele siku hiyo ni marufuku; polisi walikuwa na adabu sana.

Leo mchana mwenye nyumba katusambazia barua wapangaji wote kuhusu taka. Yangu ina michoro: pipa, mshale, na boksi la pizza lililopigwa msalaba mwekundu. Nimepanda hadi ghorofa ya nne kwa kijana mmoja ambaye waleta pizza wanamjua kwa jina, nikamwomba kuiona yake. Maandishi matupu, ukurasa mmoja, wala hajausoma.