Upepo Umo Kwenye Kodi

Karibu Shelly Beach, mgeni wetu uliyeletwa Mombasa na kazi. Dalali atakufungulia dirisha kwanza: "Sikia upepo huo, bosi! Mjini ni hapo ng'ambo tu." Hapo ni hapo kweli, ila kuna feri katikati. Kivuko cha Likoni hakimtozi mwenda kwa miguu hata shilingi, kinamtoza saa zake. Bomba dalali hatalifungua. Likifunguliwa likatoa maji ya kisima yenye chumvi, atakwambia ni mazuri kwa ngozi. Chai ya maji hayo hatakunywa. Basi ndugu yangu, vuka kwanza na umati wa saa moja asubuhi, rudi uonje maji, ndipo utoe diposti.