Sifa za Kayaba

Ukifika Kiganjo ya Thika (si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi) utamkuta askari asiyehitaji mafunzo wala mshahara: kayaba. Husimama mpakani mwa ploti usiku kucha, na miiba yake, ambayo mingine hufika sentimita saba, haijawahi kupokea kitu kidogo. Akipogolewa, matawi yaliyoachwa barabarani humletea wateja fundi wa pancha. Nani mwingine mtaani hugawa riziki hivyo bila kuomba kura?

Wasomi wamemsumbua kwa majina, naye kimya. Waingereza walimwita tufaha la mto Kei, ule wa Afrika Kusini alikotoka, ilhali tunda lake la manjano hukunja uso wa mlaji na halina udugu na tufaha. Kinywani mwetu jina hilo likawa kayaba, likatosha. Wataalamu wa mimea walikuwa wamemwandika Aberia caffra, kisha wakamhamishia Dovyalis. Huko nako pana kasoro: jina lilitokana na dory, mkuki kwa Kigiriki, kwa hiyo wapo walioandika Doryalis, lakini sheria yao imeshikilia tahajia iliyotangulia kuchapwa. Ukoo wake wa Flacourtiaceae nao ulivunjwa, akapelekwa Salicaceae, kuishi na mierebi, miti laini isiyomchoma mtu. Sijui wanazungumza nini.

Likabaki hilo caffra. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni kafiri yule yule, ambaye walowezi wa Afrika Kusini walimgeuza kuwa tusi la mtu mweusi. Julai 2024, wataalamu waliokutana Madrid walipiga kura, 351 dhidi ya 205, kwamba iandikwe affra, yaani wa Afrika. Herufi moja ing'olewe, na bado watu 205 wakakataa! Kung'oa kayaba mzima ni rahisi zaidi.

Tena ana siri. Kuna kayaba dume na kayaba jike, na ukipanda kwa mbegu hutawatambua mpaka wachanue, kwa maana wote huchoma sawasawa. Mwenye ploti atapalilia na kumwagilia miaka kadhaa, ndipo agundue kwamba amelea madume watupu, na matunda yote yako kwa jirani, ng'ambo ya miiba aliyoipanda mwenyewe.